Chelewa na Neno Lililopigwa Marufuku

Wifi yangu anaitwa Chelewa, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Kwenye harusi yangu alifika watu wakikunja viti. Ukimtuma chumvi, mchuzi utaliwa chapwa. Marehemu mama mkwe alikuwa akimwimbia kutwa kucha: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Chelewa hucheka tu na kuendelea kutafuta kiatu cha pili. Lakini kuna mahali pamoja ambapo kuchelewa kwake ndiko kunakomlisha, napo ni nyuma ya kamera.

Tunafanya kazi pamoja kwenye studio ya matangazo ya vyakula. Watu wakisikia hivyo wanadhani tunashinda tukila. Nani kawadanganya? Chakula chetu hupigwa na taa mpaka kikatoka jasho, na mchana sisi wenyewe tunakula mkate mkavu tulioutoa nyumbani. Kazi yetu ni kukipiga picha kwa karibu kabisa, tone moja la asali lijaze skrini nzima, na kwa kasi ambayo jicho haliiwezi. Sekunde moja tu, kamera imeshakula picha elfu na ushei. Ukizionyesha baadaye kwa mwendo wa kawaida, tone lile linashuka taratibu kama bibi harusi anayetolewa ndani.

Sasa kamera hiyo ina tabia yake. Haianzi kurekodi ukibonyeza kitufe. Inarekodi muda wote, inakumbuka sekunde chache zilizopita na kusahau zilizozitangulia, na ukibonyeza ndipo inashika kile ilichokumbuka na kulala. Kwa hiyo anayebonyeza lazima asubiri jambo litokee kwanza. Akiwahi, amenasa bakuli tupu. Akizidisha kuchelewa, kamera imeshasahau. Nimeona vijana waliosomea mambo haya, wana akili zao nzuri tu, kidole kikawatangulia wakaharibu keki ya watu. Chelewa huacha jambo lipite, humeza mate, ndipo abonyeze.

Mimi ndiye mkono. Nasimama juu ya ngazi nyuma ya pazia jeusi na vipande vyangu vya tunda, naviachia kimoja kimoja viangukie kwenye bakuli. Chelewa hanioni. Jicho lake halitoki kwenye skrini, na vipande vingapi vimebaki kiganjani mwangu ninajua mimi peke yangu. Ndiyo maana tuna maneno yetu. Nikishajiweka sawa nasema "Niko." Hapo fundi taa anawasha taa zote, kwa maana zikikaa zinawaka zitakaanga kila kitu. Chelewa anajibu "Achia." Kipande cha mwisho kikitoka mkononi nasema "Imepita," naye anabonyeza.

Neno "tayari" halisemwi studio kwetu. Si tusi, wala si mwiko wa mababu. Siku zetu za mwanzo tulilitumia kama watu wote. Nikasema tayari, yaani nimejipanga. Chelewa akasikia tayari, yaani nimeshaachia. Akabonyeza. Tukapata picha safi kabisa ya maziwa yaliyotulia, halafu matunda yakaanguka kamera imelala. Safari iliyofuata ikawa kinyume: nimeshaachia, nasema tayari, mwenzangu anasubiri niachie. Tuligombana mpaka fundi taa akajifungia stoo. Mawifi tena, si mnatujua! Tulipopoa ndipo tukaona kwamba mgombanishi ni lile neno, maana linakaa kabla ya jambo na linakaa baada ya jambo na huwezi kujua leo limekaa wapi. Chelewa akalipiga marufuku. Anayelitamka anaosha vyombo vya siku hiyo vyote, na vyombo vyetu ni vingi.

Niwaambie sasa habari za baba, maana yeye ndiye aliyetutia joto.

Baba mkwe alikuwa dalali wa mnada. Sauti yake peke yake ilikuwa inauza. Hakuwa na nyundo, alikuwa na kiganja: mara ya kwanza, mara ya pili, halafu pa! juu ya meza, na aliyekuwa anasitasita amelikosa kabati. Alikula kama alivyonadi, kwa kelele na kwa haraka, akiulizia chakula cha mchana ilhali cha asubuhi bado kiko mdomoni. Kisha kiharusi kikampiga. Kilichukua upande mmoja wa mwili na maneno yote, kikamwachia masikio, akili na kiburi. Kumeza nako kukawa shida.

Muuguzi anayekuja nyumbani, dada mpole asiye na utani kazini, alituonyesha namna ya kumlisha. Akae wima, kidevu chini, uji mzito, kijiko kidogo. "Na msimpe kingine mpaka mhakikishe ameshameza," alisema, akarudia. Kazi hiyo ikawa ya Chelewa. Mimi ni mke wa mwanawe, na baba hataki mkwe amwone udenda unamtoka. Mume wangu yuko mbali kikazi, anapiga simu tu kuuliza. Mimi napika uji, napitisha bakuli mlangoni, narudi jikoni kusikiliza.

Asubuhi moja nilikuwa jikoni hivyo hivyo. Nilimsikia Chelewa akimuuliza baba neno, kama kawaida yake. Nikasikia kijiko kikigonga bakuli. Halafu kikohozi. Halafu kikohozi kikakatika, pakawa kimya, na kimya kile kilinitoa jikoni mbio mwiko mkononi.

Baba alikuwa amekodoa macho, midomo imegeuka rangi. Heshima za ukwe zilikufa palepale. Bahati yetu muuguzi alikuwa ndiyo kwanza anaingia na mkoba wake. Alimwinamisha, akampiga mgongoni kwa kiganja, akampiga tena, na tena, mpaka uji ukatoka na pumzi ikarudi kwa sauti ya mlango usiopakwa mafuta. Chelewa alikuwa amesimama ukutani, kijiko bado kiko mkononi.

Muuguzi alimfuta baba uso, akampima, ndipo akatugeukia. "Kesho asubuhi nitakuja mwenyewe kumjaribu kumeza. Akipaliwa tena, daktari atamwekea mpira wa kulishia, upitie puani. Sitaki uji uingie mapafuni. Hilo halina mjadala, dada zangu."

Baba alisikia. Alilisukuma bakuli kwa mkono wake mzima, likateleza mpaka ukingoni mwa meza, akafunga mdomo.

Tulipofika lango la studio Chelewa akasimama. "Wifi, mkono wangu ulitaka kumuua baba. Afadhali huo mpira."

"Usinikasirishe asubuhi asubuhi," nilimwambia. "Baba alishwe puani, yule? Atakufa kwa hasira kabla ya njaa."

"Basi umlishe wewe."

Nilimtangulia kuingia langoni, kwa sababu nilikuwa naogopa kama yeye. Na kulikuwa na jambo jingine. Bosi alikuwa amesema tangazo la siku hiyo likishindikana litaendelea kesho yake kuanzia asubuhi. Kesho asubuhi ndiyo ya muuguzi. Chelewa asipokuwepo baba hafungui mdomo kwa mtu, namjua, na asipofungua mdomo ni mpira tu. Kwa hiyo picha ilikuwa lazima ipatikane leo.

Lilikuwa tangazo la mtindi wa embe. Mwenye kiwanda alikuja mwenyewe, bwana mmoja nadhifu, viatu vinang'aa, tukambatiza Bwana Mtindi kabla hajamaliza kusalimia. Alichotaka ni hiki: vipande vitatu vya embe vianguke kwenye bakuli la mtindi. Cha kwanza kinapozama, mtindi unaruka pembeni na kusimama kama taji, na kabla taji halijaanguka kipande cha mwisho kipite katikati yake bila kugusa ukingo. Kwa macho yako hutaona lolote, utasikia chubwi na utachafuka. Kila kitu kinaishia pale pale kinapoanza.

Nilikuwa nimeukoroga mtindi tangu jana yake. Ukiwa mzito haunyanyuki, ukiwa mwepesi unaonekana maji, na Bwana Mtindi hakuja kutangaza maji. Niliupata sawasawa, nikaujaza kwenye mabakuli, nikayaweka kwenye friji.

Bakuli la kwanza nililiharibu mimi. Embe liling'ang'ania kidole. La pili nikaachia vizuri, nikiwa bado na kipande cha mwisho kiganjani nikasikia kitufe kinalia. Chelewa ameshabonyeza. Nilichungulia juu ya pazia nikidhani nimesikia vibaya. Alikuwa anaitazama skrini, uso umekauka. Miaka yote hiyo kidole chake hakijawahi kuwahi.

"Tena," alisema.

Tukarudia. Akawahi tena. Fundi taa aliniangalia, nami nikaangalia pembeni. Nilijua kinachomsumbua. Tangu asubuhi alikuwa anaogopa kila kitu kabla hakijatokea, na mtu wa hivyo hawezi kusubiri hata chai ipoe. Bakuli likafuata bakuli. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, embe linaanza kulegea kwa joto la taa, na kwenye friji yakabaki mabakuli mawili.

Bwana Mtindi akatazama saa. Hakuwa mtu mbaya. "Jamani, msijiumize. Kama leo haijakaa, kesho tuanze mapema tu."

Alidhani anatupunguzia mzigo. Chelewa aliinua kichwa akaniangalia nilipokuwa nikichungulia juu ya pazia, nami nikaishika ngazi kwa mkono wa pili.

"Leo," alisema Chelewa. "Itakaa leo."

Nikapanda na embe jipya. Nilikuwa najiweka sawa, navuta pumzi niseme niko, Bwana Mtindi akasogea chini ya ngazi. Alitaka kunitia moyo, maskini. Akaniinulia uso, akaniuliza kwa upole wote:

"Tayari, mama?"

Na mimi niliyelelewa kujibu watu vizuri nikamjibu: "Tayari."

Kitufe kikalia. Nilishtuka, kiganja kikafunguka, vipande vyote vitatu vikaenda kwa mpigo. Fundi taa anaapa mpaka leo kwamba taji lile lilikuwa zuri kuliko yote tuliyowahi kupata, na kwamba alilishuhudia kwa macho yake. Labda. Kamera ilikuwa imelala fofofo.

Mtindi ulikuwa unadondoka ukingoni mwa meza. Nilimsubiri Chelewa alipuke, na ningemwelewa. Lakini alisimama polepole, akaja mpaka chini ya ngazi.

"Wifi. Asubuhi nilimuuliza baba nini?"

"Saa ngapi?"

"Kabla hajapaliwa. Ulikuwa jikoni, ulinisikia. Nilimuuliza nini?"

Nilifungua mdomo nimjibu, na neno lenyewe likanikwama kwanza. "Ulimuuliza, 'Tayari, baba?'"

"Naye akaitikia kwa kichwa," alisema Chelewa. "Mimi nilikuwa namuuliza kama ameshameza. Yeye amesikia namuuliza kama yuko tayari kwa kijiko kingine. Uji bado uko mdomoni, anaitikia! Na baba, wifi yangu, lini hakuwa tayari kwa chakula?"

Alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kilio, akajifuta kwa kona ya aproni yangu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Mimi nilishuka ngazi nikamkumbatia na mikono yangu ya embe. Tulilipiga marufuku neno lile kazini kwa ajili ya maziwa na matunda, kisha tukalipeleka nyumbani na kumlishia baba yetu.

Bwana Mtindi alikuwa anatugeukia huku na huku akitafuta wa kumweleza. "Nimefanya nini?"

"Bwana," fundi taa alimwambia, "vyombo vya leo ni vyako."

Likabaki bakuli moja. Chelewa alijimwagia maji usoni, akarudi kukaa kwenye kigoda chake. Nikapanda. Nilisema niko, taa zikawaka zote, akasema achia kwa sauti ninayoijua. Embe la kwanza. La pili. Nikahesabu moyoni kama ninavyohesabu siku zote, nikaliachia la tatu.

"Imepita."

Hakubonyeza. Nilichungulia juu ya pazia. Ndani ya kamera zile sekunde zilikuwa zinasahauliwa, na yeye ametulia kama mtu anayesubiri maji yachemke. Kisha nikasikia anameza mate. Kitufe kikalia.

Tulijikusanya mbele ya skrini bila kugusana. Kipande cha kwanza kikazama. Mtindi ukanyanyuka pande zote, mweupe, ukasimama, ncha zake zikaanza kujikunja kila moja na tone lake. Kipande cha mwisho kikaja kutoka juu kikijigeuza, kikaingia katikati, kikapita. Hakikugusa ukingo. Bwana Mtindi alisema "Loo" tu, akavua koti, akakunja mikono ya shati, akauliza sabuni iko wapi. Chelewa hakumngoja amalize. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, yeye ndiye aliyenivuta mkono tuwahi.

Jirani aliyebaki na baba alitupokea mlangoni akitikisa kichwa. Mzee hajafungua mdomo tangu asubuhi.

Nilipika uji. Chelewa alichukua kigoda cha jikoni, akakaa mbele ya baba chini kidogo, macho yake yakawa sawa na koo la mzee, vilevile anavyokaa mbele ya kamera.

"Baba, kilichokupalia si mkono wangu wala si koo lako. Ni neno. Nilikuuliza hivi, ukasikia vile. Kuanzia leo sikuulizi kitu. Wewe ndiye dalali. Ukitaka kijiko, inua kidole kama mteja anayepandisha bei. Kikishapita kooni chote, piga meza. Usipopiga, sinyanyui kijiko hata kukikucha."

Baba alimtazama muda mrefu. Upande mzima wa mdomo wake ulicheza kidogo, kisha ukabana tena. Alikitazama kile kijiko kama mtu anavyomtazama mbwa aliyekwisha kumuuma. Uji ukapoa. Nikaupasha moto, nikaurudisha, ukapoa tena. Chelewa hakumbembeleza wala hakusogea. Mimi mlangoni nilikuwa namwomba Mungu na kumlaani mzee kwa wakati mmoja, Mungu anisamehe.

Kidole kikainuka. Kidogo sana, lakini kikainuka.

Chelewa alimpa kijiko kimoja, akakiweka kile kijiko kwenye kisahani, akaficha mkono wake chini ya paja usije ukawahi. Kikoromeo cha baba kikapanda. Kikasita. Kikashuka. Nilishusha pumzi, nikijua imekwisha, lakini kiganja hakikupiga meza na Chelewa hakutikisika. Kikoromeo kikapanda mara ya pili, kikashuka. Pa!

Siku zote tulikuwa hatujaisubiri ile ya pili.

Alikula nusu bakuli. Ilichukua muda wa kupika maharage, lakini alikula, na hakukohoa.

Kesho yake muuguzi alifika, akamkalisha baba wima, akavaa glavu. Alitutaka tusimame ukutani na tusiseme lolote, kwa sababu anataka kumwona mgonjwa mwenyewe. Nilikuwa nageuka niende jikoni, baba akaniashiria nibaki. Ilikuwa mara ya kwanza. Nilisimama pale na Chelewa, amenishika mkono, kucha zake ziko ndani ya nyama yangu.

Kijiko cha kwanza kikaingia. Kikoromeo kikapanda, kikashuka. Muuguzi akachota cha pili, akakisogeza mpaka karibu na midomo.

"Tayari, mzee?"

Chelewa aliruka mzima mzima. Nilimbana asiseme. Baba hakuitikia kwa kichwa. Alibana midomo, akamtazama muuguzi kwa jicho moja, jicho alilokuwa akimtazama nalo mtu anayetaja bei ya chini. Muuguzi akasubiri. Sote tukasubiri. Kikoromeo kikapanda tena, polepole, kikashuka.

Pa! Vikombe vikaruka mezani, na muuguzi akaruka navyo.

"Anakataa?"

Nilimtazama Chelewa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Nikajibu mimi.

"Hakatai, dada. Imepita. Mtazame mkono wake."

Baba alikuwa ameshainua kidole, tayari.